Ziwa Linaporudi Nyuma: Mafakihi wa Roma, wa Bologna na wa Kwetu juu ya Ardhi Iliyotoka Majini

 

Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali nililoulizwa mwaka 2007 baada ya Swala ya Ijumaa, swali ambalo nililijibu vibaya. Naanza na kosa langu kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye vitabu ambavyo vinginevyo nisingevifungua.

Muulizaji alitoka upande wa Bukima, Musoma Vijijini. Wenyeji wa huku wanajua kwamba kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Nyanza, ambalo ramani zinaliita Viktoria, lilipanda kwa kiasi cha mita mbili na nusu. Lilimeza mashamba, mialo na nyumba za ukingoni, na kwa zaidi ya miaka arobaini halikurudi lilipokuwa. Ndipo mwaka 2005 na 2006, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, ziwa likashuka mpaka kina ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1920. Ardhi ikatoka majini. Mtu yule akafyeka matete, akapanda viazi vitamu na mboga, akavuna. Msimu wa pili akaja jirani yake na kusema: hapa palikuwa pa babu yangu, na lile jiwe kubwa lililochomoza ndilo mpaka tuliosimuliwa tangu utotoni. Wazee wawili wakalishuhudia jiwe.

Aliyeniuliza ni yule mlimaji. Nilikuwa kijana, nimerudi karibuni kutoka masomoni, na ile hadithi mashuhuri nilikuwa nayo ncha ya ulimi: Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake. Nikamwambia, "Bwana, umehuisha, ni yako." Akaondoka na furaha. Sheikh wangu mzee aliposikia hakunigombeza. Aliniambia tu nirudi kwenye Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi, nisome tena mwanzo wa mlango kabla sijarukia nilipotaka kufika.

Basi nikasoma. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 A.H./1277) anaanza kwa kueleza ni ardhi ipi inayoitwa mawaat, yaani ardhi iliyokufa. Ni ile ambayo haijapata kuimarishwa kamwe. Ama iliyowahi kuimarishwa, hiyo ni ya mwenyewe hata ikiharibika na kurudi pori. Mwenyewe asipojulikana, na uimarishaji ule ukiwa ni wa zama za Uislamu, huhesabiwa kuwa mali iliyopotea, na shauri lake liko kwa mtawala. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilipasa kuwa: je, kuna anayejulikana aliyepalima hapa kabla ya maji? Mimi nilikuwa nimeuliza ni nani aliyelima juzi. Imam Malik (aliyefariki 179 A.H./795) ana njia nyingine: aliyehuisha ardhi kisha ikarudi katika hali yake ya ufu, basi mwingine akija kuihuisha humilikishwa huyo wa pili. Lakini sisi tulio katika madh-hebu ya Shafi'i hatukuwa na ruhusa ya kuokota kauli ya Malik kwa sababu tu inamfurahisha muulizaji.

Ilinibidi nimwendee yule bwana na kumwambia nimekosea. Hilo nitalirudia. Kwanza nieleze lililofuata, kwani katika kutafuta vitabu zaidi juu ya maji na ardhi nilikutana na tafsiri ya Kiarabu aliyoifanya Abdulaziz Fahmi, mwanasheria mkubwa wa Misri, ya kitabu cha mafunzo cha mfalme Justinian wa Roma ya Mashariki. Ilitoka Cairo mwaka 1946 kwa jina la Mudawwanat Justinian. Sijui Kilatini, na wengi wetu hatukijui; mlango wetu ni Kiarabu. Nilishangaa kukuta swali la Bukima limekaa mle, limeulizwa kabla hajazaliwa Mtume wetu (S.A.W.).

Justinian aliamuru vitabu vya mafakihi wa Kirumi wa karne zilizopita vikusanywe. Mwaka 533 vikatoka viwili: kimoja kikubwa cha juzuu 50, kiitwacho Digesta, chenye vipande vya maneno ya mafakihi wengi, na kimoja kidogo cha wanafunzi, Institutiones, ndicho alichokitafsiri Fahmi. Humo mna hukumu zifuatazo. Mto ukiliongezea shamba lako udongo kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna awezaye kusema leo umeongeza hiki na jana kile, ziada ni yako. Mto ukikata kipande cha shamba la mwenzako kwa mara moja na kukigandamiza kwako, kinabaki chake mpaka miti yake itie mizizi kwenye ardhi yako. Kisiwa kikizuka baharini ni cha atakayekishika kwanza; kikizuka katikati ya mto, hugawanywa kati ya wenye mashamba ya kingo mbili. Na shamba lote likifurikiwa, mafuriko hayabadilishi jina la shamba: maji yakiondoka, ni la yule yule aliyekuwa nalo.

Hukumu hii ya mwisho ingetosha kummalizia yule mjukuu kesi yake, lau si jambo moja. Katika kitabu kile kile, mstari mmoja tu kabla ya huo, imeelezwa kwamba mto ukihama na kujifanyia njia mpya katikati ya shamba lako, njia ile mpya inakuwa ya umma. Na mto ukirudi baadaye kwenye njia yake ya zamani, ile uliyoiacha inakuwa ya wenye kingo. Na katika Digesta, Gaius, fakihi wa karne ya pili Miladia, anasema kwamba kwa kanuni kavu mtu ambaye shamba lake lote limechukuliwa na mto hana haki ya kulidai mto ukihama. Kisha yeye mwenyewe anaongeza kuwa ni vigumu kanuni hiyo ikubalike. Sasa miaka arobaini chini ya maji ni mafuriko, au ni kitanda kipya? Maandiko mawili ya sheria moja, na kila mmoja wa majirani wale angeweza kushika lake.

Hapa ndipo wanapoingia mafakihi wa zama za kati wa Ulaya, na hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Digesta ilikuwa imesahaulika Magharibi kwa muda wa karne kadhaa. Nakala kongwe iliyonusurika ilikuwa ikitunzwa mjini Pisa, na mwaka 1406 watu wa Florence wakaichukua kama ngawira. Lakini tangu karibu mwaka 1100, mjini Bologna, mwalimu aitwaye Irnerius alikuwa amekwisha kuanza kuwasomesha wanafunzi maandiko yale neno kwa neno, akiandika maelezo pembeni mwa ukurasa na baina ya mistari. Maelezo hayo huitwa glosa. Waliomfuata wakaongeza, na walioongezea wakaongezewa, mpaka Accursius, katika karne ya 13, akayakusanya kuwa sharhe moja yenye glosa karibu 97,000.

Aliyesoma madrasa haoni ajabu yoyote katika hili. Ukurasa wa Accursius umepangwa kama ukurasa wa vitabu vyetu: matini katikati, sharhe imeizunguka, na haashiya pembeni. Hata kazi ni ile ile. Mwalimu wa Bologna hakuwa na ruhusa ya kusema kwamba Justinian amekosea. Alilazimika kuchukua maneno mawili yanayogongana na kutafuta hali ambayo kila moja linasimama kwa haki yake. Akitenganisha hali mbili, kanuni mpya imepatikana bila kufuta hata herufi moja. Mafuriko ni maji yanayotarajiwa kuondoka. Kitanda kipya ni maji yaliyokaa. Basi swali linahama kutoka "nani mwenye shamba?" kwenda "maji haya ni ya aina gani?" Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba walizalisha kanuni kutoka sheria ya Roma. Si kwamba waliinakili. Warumi waliacha majibu ya kesi, na watu wa Bologna wakatafuta sababu iliyo chini ya majibu, kama sisi tutafutavyo illa katika qiyas.

Mkubwa wao katika mambo ya maji ni Bartolus wa Sassoferrato, aliyefundisha Pisa na Perugia na akafariki mwaka 1357 akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu tu. Mwaka 1355, katika mapumziko kwenye nyumba ya shamba karibu na Perugia, alikuwa akiutazama mto Tiber ukipinda na kukata kingo zake, akaanza kuwaza maswali ambayo vitabu havikuyajibu. Justinian amesema kisiwa cha mtoni kigawanywe kwa wenye mashamba kulingana na ukaribu wao na kingo. Vema, lakini ukaribu unapimwaje ikiwa ukingo umepinda kama upinde? Bartolus anasimulia kwamba alisita, kwani kuchora maumbo katika kitabu cha sheria kungeonekana kichekesho, mpaka akaota usingizini mtu mwenye sura ya kupendeza amemletea kalamu na vyombo vya kupimia. Kisha akafika mgeni, mtawa aliyeijua jiometri, akamsaidia. Kitabu chake juu ya mto Tiber kikatoka na michoro: duara, mistari, na nukta zilizo sawa na kingo zote mbili.

Baadhi ya watu watacheka kwamba fakihi kashika bikari. Sisi hatuna haki ya kucheka. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya tatu Hijria, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiweka kwa hesabu za wasia na mirathi. Qur'ani imetaja mafungu. Kuyagawa yasibaki wala yasipungue ni kazi ya hesabu. Kila aliyesomea faraidh anamwelewa Bartolus.

Lakini Bukima hakuna Tiber. Bukima kuna ziwa. Na kuhusu ziwa, Digesta ina mstari mmoja mfupi wa fakihi aitwaye Callistratus, ambao katika Institutiones haumo: kwamba maziwa na mabwawa, ijapokuwa mara hujaa na mara hukauka, yanabaki na mipaka yake, na kwa hiyo ile haki ya ziada ya kingoni haitambuliwi humo. Yaani jirani wa ziwa hapati chochote maji yakirudi nyuma, wala hapotezi chake maji yakipanda. Mstari huu umesafiri njia mbili, na ajabu ya safari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Njia ya kwanza ni ya Ufaransa. Sheria za mafakihi wa zama za kati ziliingia katika kanuni ya madai ya Napoleon ya mwaka 1804, ambayo ndani yake mna kifungu kinachoyatenga maziwa na mabwawa na hukumu ya mito. Kutoka huko zikavuka bahari mpaka Misri. Kanuni ya Madai ya Misri ya mwaka 1948, iliyosimamiwa na Abdulrazzaq as-Sanhuri, ina vifungu vitatu vinavyofuatana: cha 918 juu ya udongo unaoletwa na mto kidogo kidogo, cha 919 juu ya ardhi inayoachwa na bahari, na cha 920 juu ya maji yaliyotuama kama maziwa na mabwawa. Hicho cha tatu kinasema jambo lile lile la Callistratus kwa Kiarabu fasaha, kiasi kwamba asiyejua nasaba yake angedhani ni maneno ya fakihi wa Kikufa.

Njia ya pili ni ya Uingereza, nayo ndiyo iliyofika Musoma. Katika karne ya 13 kiliandikwa kitabu kikubwa cha sheria za Kiingereza kinachonasibishwa kwa jaji Henry Bracton (aliyefariki 1268). Mwandishi wake alikuwa na mezani Institutiones na muhtasari wa Azo, mwalimu wa Bologna, na kutoka huko akayaingiza mambo ya udongo wa mtoni na kisiwa. Majaji wa Kiingereza walimrejea kwa karne nyingi. Kesi ya Lord Yarborough, ambaye bahari ilimwachia ardhi kubwa kidogo kidogo, ilipofika Baraza la Malordi mwaka 1828, bwana yule alishinda dhidi ya mfalme kwa kanuni hiyo ya uongezekaji usioonekana. Basi Waingereza walirithi mto na bahari. Mstari wa Callistratus kwao haukuota mizizi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Baraza la Faragha mjini London lilihukumu, katika shauri la ziwa moja la Australia ya Kusini, kwamba kanuni ya ziada inamfaa pia jirani wa ziwa. Kinyume kabisa cha Roma, na kinyume cha Cairo.

Nasi huku tuliletewa sheria hizo za Kiingereza kwa amri ya mwaka 1920, iliyoweka tarehe 22 Julai ya mwaka huo kuwa mpaka wake, zitumike kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Kabla yao Wajerumani, kwa amri ya Novemba 26, 1895, walikwisha kutangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola. Roma ilisema kisicho na mwenyewe ni cha atakayekiwahi. Wajerumani walijihesabu wao ndio waliowahi. Ni maneno yenye sura ya kisheria, lakini mfugaji aliyepumzisha malisho yake msimu mmoja angeyasikia vingine.

Wako mustashrikina walioandika kwamba fiq-hi yetu nayo imechotwa kwenye kisima cha Roma. Wanasema Beirut ilikuwa na chuo mashuhuri cha sheria ya Kirumi, na al-Awza'i aliishi na kufariki Beirut (157 A.H./774), wanasema ash-Shafi'i alizaliwa Gaza, nchi iliyokuwa ya Warumi. Hawapendi sana kutaja kwamba chuo kile cha Beirut kiliangamizwa na tetemeko la ardhi mwaka 551, zaidi ya miaka themanini kabla Waislamu hawajaingia Sham. Wazungu wenyewe wamejibizana: FitzGerald aliandika mwaka 1951 kuikataa dai hiyo, na mwaka 1987 Bi Patricia Crone akasema kwamba kilichoathiri ni desturi za majimbo zaidi ya sheria ya Roma yenyewe. Mimi simfuati Crone katika mengi. Lakini naona mjadala huu unaweza kupimwa kwa jambo dogo kama hili letu la ardhi iliyotoka majini, kwani mwizi wa nguo hutambulikana kwa mshono.

Tumchukue Abu Yusuf (aliyefariki 182 A.H./798), mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyemwandikia Khalifa Harun ar-Rashid Kitabul Kharaj. Humo mna fasili nzima juu ya visiwa vya Dijla na Furati, miaka zaidi ya 550 kabla Bartolus hajaota ndoto yake. Abu Yusuf anakubali kwamba ardhi iliyoachwa na maji yaweza kukingwa na kulimwa na mwenye ardhi iliyoungana nayo, kwa njia ya kuihuisha. Lakini sharti analolirudia ni kwamba isimdhuru mtu. Kisha anataja kisiwa kilicho jirani na nyumba za watu pale Baghdad na kukataza kisijengwe wala kisilimwe, kwa sababu kikizungushiwa boma na kupandwa, maji yatasukumwa kwenye makazi ya watu.

Tazama tofauti. Mrumi anauliza: ardhi hii mpya inashikamana na milki ya nani? Milki yenyewe inazaa, kama mbuzi anavyozaa, na mtoto ni wa mwenye mbuzi. Bartolus anachukua bikari apime kila mtu apate haki yake barabara. Abu Yusuf anauliza: ni nani atakayeumia? Na an-Nawawi naye, kabla ya kumruhusu mtu kuhuisha, anatenga hariim, yaani eneo la lazima linalozunguka mahali palipoimarishwa: uwanja wa mkutano wa kijiji, pa kukimbizia farasi, pa kupumzishia ngamia, pa kumwagia majivu. Hakuna awezaye kulihuisha hilo hata likiwa tupu mwaka mzima. As-Suyuti (aliyefariki 911 A.H./1505) aliandika risala mahsusi, al-Jahr bi man'il buruz ala shati'in nahr, kuwakataza watu kusogeza majengo yao mbele kwenye ukingo wa Nile. Mshono ni mwingine. Hata pale mafakihi wetu wanapotoa jibu lililo sawa na la Mrumi, wamelifikia kwa mlango wao.

Sisemi haya ili tujivune. Nakiri kwamba katika swali la kisiwa kinavyogawanywa, Bartolus amekwenda mbali kuliko vitabu vyetu nilivyovisoma. Na Wamaliki wamekhitalifiana juu ya ardhi inayoachwa na bahari: wako waliompa jirani aliye karibu, na wako walioifanya ya Waislamu wote. Kauli ya kwanza inafanana na Roma. Kufanana si kukopa, lakini pia si aibu.

Sasa nirudi kwa majirani wale wawili. Niliwaita pamoja. Nilimwambia mlimaji mbele ya jirani yake kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka na kwamba nimekosea, maneno ambayo kwa sheikh kijana ni mazito kuliko gunia la mahindi. Nikawaeleza: ardhi iliyolimwa na mtu anayejulikana haifi kwa kufunikwa na maji, na kwa madh-hebu yetu inarithiwa. Mlimaji akauliza swali la maana sana. Alisema, "Sheikh, mwaka 1974 watu walihamishwa, vijiji vikapangwa upya. Haki za mababu si zilikwisha pale?" Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imethibitisha ugawaji uliofanywa kati ya mwaka 1970 na 1977, na haki za zamani kwenye ardhi iliyogawiwa zikazimika. Nilimjibu kwamba ugawaji unahitaji kitu cha kugawa. Mwaka 1974 kipande kile kilikuwa chini ya maji na samaki ndio waliokuwa wenyeji wake, hakuna aliyegawiwa. Wazee walicheka, na kicheko kile kilisaidia kuliko dalili zangu zote.

Lakini nilimwambia pia yule mjukuu kwamba mwenzake hakuwa dhalimu. Mtume (S.A.W.) ameunyima haki mzizi uliopandwa kwa dhuluma, huyu alipanda akidhani ardhi haina mwenyewe, na zaidi ya hapo alipata fat-wa yangu mbovu. Wakasuluhishana: mlimaji avune alichopanda, alime msimu mmoja zaidi kwa jasho lake la kufyeka matete, kisha amwachie mwenzake. Wakapeana mikono.

Kuna jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitaja siku ile, na leo nisingelinyamazia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sheria za ardhi za 1999 zinaihesabu ardhi ya namna hiyo miongoni mwa zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Kwa roho yake hiyo ni hariim, na as-Suyuti angeitia saini. Lakini ukingo upi? Tukipima mita 60 kutoka ukingo wa mwaka 2006, shamba lile lingeruhusiwa sehemu; tukipima kutoka ukingo wa 1964, lote limo ziwani. Roma ilisema, kuhusu bahari, kwamba ufuo unafika pale linapofika wimbi kubwa kabisa la majira ya baridi. Naona hiyo ni njia ya busara kwa ziwa letu pia, na kama ningeulizwa na wapima ardhi, ningewaambia waanze kuhesabu pale maji yalipopata kufika juu kabisa, kwani maji yana kumbukumbu ndefu kuliko baraza lolote la kijiji. Mvuvi anayeanika dagaa kwenye mwalo hadhuriki na kipimo hicho. Anayedhurika ni mwenye kutaka kujenga ukuta wa mawe mpaka kwenye maji na kuwafungia wengine njia ya kuteka, na huyo Mtume (S.A.W.) alikwisha kumjibu alipowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto.

Mwezi Mei 2020 kipimo cha maji kule Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya kile cha mwaka 1964. Shamba la mjukuu likaingia ziwani tena, pamoja na migomba aliyokuwa ameipanda, na jiwe la mpaka halionekani. Alikuja kwangu akiwa mnyonge kuuliza kama sasa ameipoteza. Nilimwambia hajaipoteza. Nikamshauri amchukue mlimaji yule yule, ambaye ndiye shahidi aliyebaki hai anayelijua jiwe, waende pamoja ofisi ya kijiji, waandikishe umbali wake kutoka kwenye mwembe wa msikiti na mpaka wa shule, hatua kwa hatua, na watie saini wote wawili.